Ami Suud Kwenye Kibao cha Maji

Bakhit bin Thani alikuwa fundi wa lifti, na kazi hiyo ilimfanya mtu wa sauti ya chini. Ukishinda miaka ukiwatoa watu waliokwama baina ya ghorofa mbili, unazoea kuwasemesha taratibu, kupitia upenyo wa mlango, watu ambao huwaoni ila viatu vyao. Alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa bado wa kubebwa, akakulia Khuwair ya Kusini katika nyumba ambamo Kiarabu kilikuwa cha skuli na serikali, na Kiswahili kilikuwa cha chakula, cha ugomvi na cha kuombana radhi.

Alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati lifti bado zikiendeshwa na makabati ya swichi nzito zilizogonga kama mtu anayetafuna barafu. Kisha makabati yakaanza kuondoka. Mahali pake kikaja kibao cha kielektroniki chenye ukubwa wa kiganja, na katikati ya kibao chipu moja nyeusi, kimya. Mafundi wenzake waliichukia kwa sababu haikugonga; hawakujua waisikilize wapi. Bakhit aliipenda siku ile ile.

Chipu ilikuwa na ubongo mmoja na kazi nyingi: kusikiliza vitufe, kujua lifti iko ghorofa gani, kufungua mlango, kuangalia kama pana mkono baina ya milango. Ndani yake mlikuwamo mfumo endeshi mdogo, programu ambayo shughuli yake yote ni kuamua nani ashike ubongo sasa na nani angoje. Wenye fani wanauita mfumo wa wakati halisi. Bakhit alimweleza mama yake hivi:

"Kwenye lifti, mama, jibu la kweli likichelewa limeshakuwa uongo. Mlango ukiambiwa usifunge, pana mkono, na wenyewe ushafunga, basi haukuambiwa kitu."

"Kama posa," alisema Bi Mahbuba bila ya kuinua macho kwenye sinia la mchele.

Alikuwa na haki ya kusema. Bakhit alikuwa na miaka thelathini na sita na hajaoa, na nyumba nzima ilijua anamtaka nani. Alimtaka Bashayer, mwalimu wa hesabu katika skuli ya wasichana, binti wa Ami Suud. Ami Suud alikuwa binamu wa marehemu baba yake Bakhit, akikaa kichochoro cha pili. Bashayer na Bakhit walikwishaelewana kwa simu. Lililobaki lilikuwa neno la baba, na Bakhit alikuwa akilisubiri neno hilo pasipo kuliomba, jambo ambalo Bashayer alimwambia halina jina katika hesabu.

Mwaka 2004 mambo mawili yalipangwa pamoja: Bakhit ataleta posa, na Bakhit atatengeneza maji.

Maji ya nyumba yaliletwa na gari, yakamiminwa katika tangi la uani, kisha pampu ikayapandisha hadi tangi la juu ya paa. Aliyeiwasha na kuizima pampu alikuwa Bi Mahbuba. Kuwasha, aliwasha. Kuzima kulitegemea simu ya dada yake wa Sohar, na dada yake wa Sohar alikuwa na mengi. Kila wiki paa lilifurika, maji yakateremka kwa ukuta, majirani wakapita na kusema mashaallah, nyumba hii ina chemchemi.

Bakhit akanunua kibao kidogo, mfano wa vile vya lifti. Akaenda Wadi Kabir kwa Harrison, fundi bomba Mkenya aliyekuwa rafiki yake tangu siku alipomtoa katika lifti ya mizigo pamoja na choo kipya cha kukaa, na Harrison akampa boya la tangini na swichi ya pampu. Kisha akakaa majlisi, chumba cha wageni, na laptopu yake, akaanza kugawa kazi. Moja ya kutazama tangi la juu limefika wapi. Moja ya kuwasha pampu na kuizima. Moja ya kuandika kwenye skrini ndogo na kupokea amri kutoka kwenye laptopu.

Kila kazi hupewa daraja. Mwenye daraja ya juu akitaka ubongo, wa chini humpisha. Na hapo ndipo Bakhit alipokuwa na udhaifu wake. Daraja huandikwa kwa namba, lakini kwa watengenezaji wengine moja ndiye mkubwa wa wote, na kwa wengine moja ndiye mdogo wa wote. Aliwahi kuchanganya katika lifti fulani, ikawa inajali taa kuliko mlango. Safari hii hakutaka namba. Alitaka daraja ambazo hawezi kuzikosea hata akiwa na homa, naye alizijua hizo tangu utotoni: ni daraja za kumiminiwa kahawa.

Akaandika majina. Kazi ya kutazama tangi akaiita BI SAYYIDA, kwa bibi yake mzaa baba, aliyekuwa hatoki kitandani na haoni haya kuona kila kitu. Kazi ya pampu akaiita BI MAHBUBA. Ya kuandika na kupokea amri akaiita BAKHIT, kwa sababu katika nyumba yao yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunywa na wa kwanza kutumwa.

Ikabaki moja. Kila mfumo wa namna ile una kazi ya chini kabisa, chini ya zote, ambayo hushika ubongo wakati wengine wote wamepumzika. Haitazami, haiwashi, haiandiki. Inakuwapo tu. Nayo pia ilitaka jina.

Ilikuwa alasiri. Bakhit aliinua macho kutafuta jina, na mbele yake, kwenye takia la pembeni, alikuwa ameketi Ami Suud, kilemba kimefungwa vizuri, anatazama zulia. Alikuwa akija kila alasiri tangu alipostaafu kazi yake ya ofisini huko Maskati yenyewe, ile ya kale, ndani ya ukuta wa mji. Bakhit akaandika: AMI SUUD. Hakuwa na nia mbaya. Aliandika alichokiona.

Bashayer hakumpa daraja. Jina lake alilipa mapigo ya saa ya kibao, yale yanayopita kila baada ya kitambo kidogo mno na kumgutua yeyote aliyeshika ubongo, awe mkubwa awe mdogo, aulizwe kama zamu yake imekwisha. Mapigo hayo hayapangwi pamoja na wengine kwa sababu wengine wote wanahesabu kutoka kwayo. Alimweleza Bashayer kwenye simu, akidhani amesema jambo la mapenzi.

"Kwa hivo mimi ndo wa kumkorofisha kila mtu," alisema Bashayer.

"Si kukorofisha. Kuamsha."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Haya. Walimu wenzangu watafurahi kusikia."

Kibao kikafanya kazi. Skrini ikatundikwa ukutani majlisi, karibu na mlango, na Bakhit akaifanya ionyeshe jina la yule aliyeshika ubongo wakati huo, ili ajue kama pana anayekawia. Bi Mahbuba, kwa furaha ya mama, akawaambia jamaa wote kuwa mwanawe amewatia wote ndani ya mashine.

Sasa, kutazama tangi ni jambo la kupepesa jicho. Kuwasha pampu ni hivyo hivyo. Kibao kama kile, katika siku nzima, karibu muda wote hakina la kufanya. Kwa hiyo skrini ilisema AMI SUUD. Asubuhi ilisema AMI SUUD. Alasiri ilisema AMI SUUD. Mara moja moja jina BI SAYYIDA lilipita kama mtu anayechungulia dirishani, kisha likarudi AMI SUUD.

Ami Suud aliitazama skrini alasiri nzima. Kahawa yake ikapoa.

"Bakhit," alisema mwisho. "Naona mimi ndo niliyeshika."

"Ndiyo, Ami. Sasa hivi ni wewe."

"Na sasa?"

"Bado ni wewe."

"Nikenda zangu nyumbani, itaendelea?"

"Itaendelea."

"Basi inanijua," alisema Ami Suud, akanywa kahawa yake baridi yote kwa mara moja.

Kuanzia siku hiyo alibadilika. Alikuja na kanzu iliyopigwa pasi. Alileta wenzake wa msikitini, akawakalisha wakabili ukuta, akawa kimya, akiacha skrini iseme. Mzee Salem, rafiki yake wa siku nyingi, aliuliza kama kazi hiyo haimchoshi. Ami Suud alisema ukishazoea, haichoshi. Aliulizwa maji ya nyumba yanapanda vipi, akajibu kwamba hayo wanayashughulikia kina mama, yeye yumo katika usimamizi.

Bakhit aliyaona yote hayo na hakusema kitu. Ingekuwa rahisi siku ya kwanza. Siku ya pili ilikuwa ngumu kidogo. Baada ya hapo ikawa kama mlango wa lifti uliokwisha kufunga.

Wiki ya kabla ya posa, Harrison alikuja kurekebisha boya la tangi. Alishuka kutoka juu ya paa akiwa na mikono ya kutu, akasimama na Bakhit kwenye mlango wa majlisi, akaitazama skrini.

"Boss, huyu Suud ni nani? Kila nikiangalia ni yeye tu. Ndiye anafanya kazi yote hapa?"

"Hafanyi kitu," alisema Bakhit. "Ndiyo kazi yake. Yupo pale kwa wakati ambao hakuna kazi."

"Ah. Kama mudir wangu kazini."

Harrison alicheka, na Bakhit, kwa sababu ilikuwa siku njema na boya limetengenea, naye akacheka. Nyuma yao, kwenye pazia la ukumbini, alikuwa amesimama Ami Suud na sahani ya tende aliyoileta kutoka kwake. Aliiweka sahani chini, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kilicholala. Akaondoka.

Jioni ile ile ujumbe ukaja kupitia kwa wanawake. Bi Mahbuba aliupokea, akaufikisha kama ulivyo: "Kasema hawezi kumpa binti yake mtu aliyemweka chini ya pampu."

"Si chini ya pampu, mama. Chini ya…"

"Chini yangu mimi. Mie niliyeiwacha nyumba ikafurika miaka kumi. Na juu yangu umemweka mama mkwe, haya, huyo mkubwa. Na wewe mwenyewe ukajiweka juu ya ami yako. Ulikuwa huna majina mengine, Bakhit? Hukuona paka?"

Bakhit alikwenda kichochoro cha pili akiwa na suluhisho. Lilikuwa jepesi mno hata akaona haya kwamba hajalifikiri mapema: atabadilisha majina. Kazi ya kutazama tangi ataiita AMI SUUD, na ile ya chini ataiita jina lolote, au asiiite kitu.

Ami Suud alimkaribisha kwa adabu zote, jambo lililokuwa baya.

"Unataka kunipa kazi ya Bi Sayyida," alisema.

"Jina tu, Ami."

"Bi Sayyida ataambiwa nini? Kastaafishwa? Na yule wa pale, aliyekuwa mimi, atakuwa nani? Mimi nshajizoea pale, Bakhit. Watu wamekuja wakaniona. Sitaki kiti cha mtu. Nataka kiti changu kile kile kipandishwe. Kahawa nakunywa baada ya nani?"

"Baada ya Bi Sayyida."

"Basi."

"Ami, yule wa chini akipandishwa…"

"Na nipandishwe mbele ya watu. Waliopata kucheka na wawepo." Hapo alimkusudia Harrison. "Ijumaa ya posa ni ile ile, lakini hamji kwangu. Nakuja mimi kwenu. Nipandishwe kwanza, niione kwa macho yangu, kisha mposi aseme analotaka kusema, nami ntajibu."

Hakuna aliyepata kusikia baba wa binti akienda nyumbani kwa mposaji kupokea posa. Bi Mahbuba alisema hata wanaotoroshana hawafanyi hivyo. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja na hapakuwa na neno jingine.

Bakhit alijua vyema nini kitatokea. Kazi ile haingoji wala haimalizi. Walio juu yake hupata ubongo kwa kuinyang'anya, kwa nguvu ya daraja. Ukiipandisha, hakuna tena wa kuinyang'anya ila aliye juu yake, na aliye juu yake atakuwa Bi Sayyida peke yake, ambaye kazi yake ni kuona tu. Alimwambia Bashayer kuwa atajifanya anabonyeza, aandike uongo kwenye skrini, na mambo yapite.

Bashayer alikuwa anasahihisha madaftari. Kalamu ilisikika ikikwaruza.

"Ukimdanganya babangu siku ya posa," alisema, "siku nyingine utadanganya nani?"

"Kitaharibika kibao."

"Kitaharibika kwa muda gani?"

Bakhit alifikiri. Kumpandisha Ami, kahawa, halua, maneno, jibu. Kisha amshushe pale pale kwa laptopu, kimya kimya, watu wakinawa mikono. Tangi litakuwa na maji ya kutosha. "Kidogo," alisema. "Muda wa kahawa."

"Basi mpandishe kweli," alisema Bashayer.

Ijumaa baada ya sala majlisi ilijaa. Ami Suud aliketi kati, amevaa bishti, joho la sherehe ambalo Bakhit hakuliona tangu harusi za miaka ya themanini. Mzee Salem aliketi kuliani kwake. Harrison alikuwepo, katika shati la mikono mirefu, amekaa chini kwa miguu isiyojua iende wapi, akiwa na sura ya mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Wanawake walikuwa ghorofani, Bashayer miongoni mwao, na sauti ya Bi Sayyida ilikuwa ikishuka ngazi mara kwa mara kuuliza nani kafika. Wageni walikuwa wametawadha wote nyumbani humo. Kwa hiyo maji ya juu yalikuwa yamepungua na pampu ilikuwa inanguruma uani.

Bakhit alichomeka waya wa laptopu kwenye kibao. Akaandika amri. Akasema, "Bismillahi," kwa sababu hakuna lililobaki la kusema, akabonyeza.

Skrini iliandika AMI SUUD na ikatulia. Hakuna jina lililopita tena. Hata Bi Sayyida hakuonekana, kwa kuwa aliyekuwa akiandika majina naye alikuwa chini. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Mzee Salem alisema sasa ndiyo inaonekana, mwanzo kulikuwa na fujo.

"Mabruki," alimwambia Ami Suud, wakapeana mikono.

Bakhit akachukua dele la kahawa akaanza kumimina, kwa vile yeye ndiye mdogo wa nyumba. Alimimina kwa Ami Suud, kwa Mzee Salem, akazunguka. Na ilikuwa katika kuzunguka huko, akimmiminia Harrison, alipotambua jambo ambalo lilimfanya ajaze kikombe hadi kikamwagika. Anayepokea amri kutoka kwenye laptopu ni yule anayeitwa BAKHIT. Na BAKHIT alikuwa chini ya Ami Suud. Amri ya kumshusha itafika mlangoni na hakuna wa kuifungulia.

Pampu ilikuwa bado inanguruma. Ilikuwa imewashwa kabla, na wa kuizima hakupata zamu.

Kulikuwa na njia moja, ndogo na ya hakika: plagi. Ilikuwa ukutani, chini ya skrini, hatua mbili kutoka alipokuwa. Kuichomoa kungezima kibao, na kibao kikizimika swichi ya pampu hujiachia. Lakini jina la Ami Suud lingekufa mbele ya watu waliotoka kumpa mabruki. Tena mwenye dele mkononi haliachi dele, na mgeni ambaye hajatikisa kikombe huongezwa. Mzee Salem hakutikisa. Aliletewa, akanywa, akanyoosha kikombe. Akaletewa tena.

Tone la kwanza lilidondoka kutoka tundu la kiyoyozi, juu ya takia. Hakuna aliyelitazama. Ghorofani Bi Sayyida alisikika akisema, "Maji," kwa sauti ya kawaida. Kisha akasema, "Maji, nyinyi." Kisha mstari mwembamba ukateremka kwa ukuta, ukapita nyuma ya skrini, ukatokea chini yake.

"Tangi?" Harrison aliuliza kwa sauti ya chini, Bakhit alipokuwa mbele yake.

"Tangi."

"Niende juu nifunge?"

"Ukisimama kabla ya kahawa kwisha watadhani umekasirika. Wewe ni shahidi."

"Mimi ni shahidi wa nini, boss?"

Mzee Salem alinyoosha kikombe.

Uani maji yalikuwa yakimwagika kutoka paani kama pazia jeupe, na yakaanza kuingia kwa mlango. Pale mlangoni vilipangwa viatu vya wageni. Ndala moja ilijitikisa, ikageuka, ikaanza kusafiri. Ya pili ikaifuata. Wazee waliziangalia kwa macho ya adabu, kila mmoja akingoja mwenzake azione.

"Bakhit," alisema Ami Suud. "Viatu vyangu vinaondoka."

"Naviona, Ami."

"Pampu hiyo nani anaizima?"

"Mama."

"Mahbuba si yuko juu kwa wanawake?"

"Si huyo. Yule wa kwenye kibao."

"Basi aizime."

"Hapati zamu."

"Nani kaishika zamu yake?"

Bakhit alimmiminia Mzee Salem kahawa, hadi mwisho, bila ya kumwaga. Kisha akasema kwa ile sauti ya kuwasemesha waliokwama: "Wewe, Ami."

"Nami pale nafanya nini?"

"Hufanyi kitu. Lakini sasa uko juu."

"Na Bi Sayyida?"

"Anaona limejaa. Kila mara anaona, na kila mara anasema. Hakuna wa kumsikia."

"Maji, nyinyi viziwi," ilisema sauti ya ghorofani.

Ami Suud alijikusanya bishti, kwa kuwa zulia lilianza kubadilika rangi chini yake. "Nishushe."

"Siwezi. Anayepokea amri ni mimi, nami niko chini yako. Dawa yake ni kuchomoa plagi."

"Chomoa."

"Siwezi kukuzima mbele ya watu."

Ami Suud alimtazama kijana yule aliyesimama katika maji na dele la kahawa, pindo la kanzu limelowa, hatua mbili kutoka kwenye plagi ambayo angeweza kuichomoa tangu tone la kwanza.

"N'ambie kweli," alisema. "Nilipokuwa chini, ilipata kukosea?"

"Haikukosea hata siku moja."

"Na ungeniondoa kabisa? Wakabaki hao wenye kazi zao?"

"Isingewaka," alisema Bakhit. "Bi Sayyida nikimtoa, itawaka. Mama nikimtoa, itawaka. Mimi nikitoka, ndiyo kwanza itafurahi. Wewe nikikutoa, wakimaliza kazi zao na kupumzika hapana wa kumwachia ubongo, na wote wanaanguka. Siyo mimi niliyeamua, Ami. Imeundwa hivyo. Lazima awepo."

Ami Suud alipozungumza tena, hakuwa anazungumza na Bakhit hasa. Alikuwa akizungumza na ile ndala iliyofika kizingitini.

"Nilipostaafu," alisema, "nilikuwa nangoja simu. Nilijua watapiga kuuliza kitu. Ufunguo wa kabati. Nani anajua lile faili liko wapi. Nikawa sitoki asubuhi, wasije wakanikosa." Akapangusa goti. "Kumbe kabati lilikuwa na funguo mbili."

Kisha akasimama. Alilipandisha bishti hadi magotini, akapita katika maji mbele ya wageni wake wote, akainama, akachomoa plagi kwa mkono wake. Jina lake likatoweka. Uani pampu ikakohoa na kunyamaza. Akangoja kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, akaichomeka tena. Kibao kikaamka na daraja zake za zamani, kwani amri ya laptopu ilikufa pamoja na umeme: BI SAYYIDA akapita, BI MAHBUBA akapita, na maji ya ukutani yakaanza kupungua, yakawa uzi, yakawa matone.

Mzee Salem alitikisa kikombe chake. "Nilikuwa nangoja nione mwisho," alisema.

Harrison akasimama hatimaye, akaenda uani kukamata viatu.

Ami Suud alirudi mahali pake, akakuta ni pa maji, akakaa hivyo hivyo. Alijitengeneza kilemba. "Haya," alisema. "Tulikuwa tumekuja kwa jambo gani?"

Bakhit aliweka dele chini. Hotuba ya posa aliyofundishwa na mama yake ilikuwa na sehemu ya nasaba, sehemu ya shukrani na sehemu ya maombi, na zote zilikuwa zimemtoka. "Namtaka Bashayer, Ami," alisema.

"Najua unamtaka. Miaka yote hii najua. Nikikaa pale kwenye kona nikisema leo atasema, leo atasema." Alikunja ukingo wa bishti, akaukamua. "Mimi nimeridhi. Lakini mwenyewe ni lazima aulizwe."

Akapanda ngazi, polepole, akiacha alama ya nyayo katika kila kidato. Wanaume walibaki wakisikiliza. Walisikia mlango. Walisikia Bi Sayyida akiuliza kwa nini imechukua muda wote ule kwa watu kusikia. Walisikia sauti ya Ami Suud, ya chini, isiyopambanuka. Kwa kawaida binti anapoulizwa hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo jibu. Huyu hakunyamaza; alisema maneno kadhaa, kwa haraka, kama anayetoa kazi ya nyumbani, na wanawake wakacheka wote pamoja.

Ami Suud aliteremka. Mkono wa kulia alikuwa ameshika ndoo, na ndani ya ndoo mlikuwa na matambara mawili.

"Kakubali," alimwambia Bakhit, akampa ndoo. Tambara moja akalichukua mwenyewe, akapiga magoti kwenye zulia, na wazee, mmoja baada ya mmoja, wakaanza kukunja mikono ya kanzu zao.